Hongera, Mafundi wa Magari ya Waya

Hongereni, watoto wa Shinyanga na Geita mnaounda magari kwa waya, makopo na ndala zilizochakaa. Magurudumu mnayakata kwa wembe kwenye soli. Usukani ni waya mrefu unaofika kiunoni. Ukizungushwa, tairi za mbele zinakata kona kweli, na hakuna aliyewachorea ramani. Huo ni ufundi kamili.

Mnaunda mnachokiona barabarani: malori ya pamba, na tangu Mgodi wa Dhahabu wa Geita uanze uzalishaji mwaka 2000, matipa ya mawe, bodi ikiinuka na kumwaga mchanga. Kisha mapambo: bampa ya kopo, taa za vizibo vya soda. Walimu wa stadi za kazi, wapeni maksi zao!