Lori Hupimwa Kuanzia Chini

Reli haijawahi kufika mjini Kericho. Njia iliyofika Ziwa Victoria Desemba 1901 ilipitia Londiani, Kipkelion (enzi hizo Lumbwa) na Fort Ternan, ikauacha mji upande wa kusini. Kampuni ya chai ya Brooke Bond ilipoingia Kericho mwaka 1924 na mashamba makubwa yakaanza kutanda, barabara ndiyo iliyobeba chai kutoka shambani, na hadi leo ni lori. Ndiyo maana anayejenga reli ya mfano ya mezani kuhusu nchi hii ya chai anaweza kuwa na injini nzuri ajabu, lakini mwenyeji wa Litein au Mogogosiek ataitazama kazi yake kupitia malori.

Jicho la mgeni hukimbilia rangi. Mjuzi huinama mpaka macho yake yawe sawa na uso wa meza, akaanza na matairi. Kichwa cha ekseli tatu kinachovuta trela ya ekseli tatu, kikiwa na matairi ya kawaida, hukanyaga barabara kwa matairi 22: mawili ya usukani, manane ya nyuma ya kichwa, kumi na mawili ya trela. Yahesabiwe. Kisha ichukuliwe karatasi nyembamba na kupitishwa chini ya kila tairi. Likipatikana tairi linaloelea, fremu imepinda, na hakuna rangi itakayoficha kasoro hiyo.

Mkao ndio unaofuata. Lori lililobeba hukaa chini, springi zimelala, nafasi kati ya tairi na bodi imebanwa. Lori tupu huinuka. Fundi aliyepanga mzigo mpaka juu halafu akaacha gari limesimama wima kama la dukani ameonyesha kwamba hajawahi kulitazama lori likipanda mlima kutoka Kaplong.

Gurudumu huamua na ukubwa wa kila kitu kingine. Tairi la trela lina kimo cha karibu mita 1.08. Kijana anayetumia vizibo vya soda, vyenye upana wa karibu milimita 30, tayari amechagua kipimo cha 1:36, ajue au asijue. Kontena lake la futi 40 linapaswa kuwa na urefu wa karibu sentimita 34, upana 6.8 na kimo 7.2. Akilikata kwa kukisia, likatoka fupi, lori zima litaonekana la kitoto hata akilipamba namna gani. Malori ya waya na mabati yanayoundwa vijijini hushinda au hushindwa hapa, na yale yanayoshinda yanastahili heshima ileile inayopewa kazi za viwandani.

Kwa wanaonunua modeli za nje, rula ni rafiki wa lazima. Kontena la futi 40 lina urefu wa milimita 140 kwa kipimo cha 1:87, na milimita 160 kwa kipimo cha 1:76 kinachopendwa Uingereza. Vipimo hivyo viwili huuzwa vyote kwa reli ya upana wa milimita 16.5, kwa hiyo ni rahisi kuvichanganya, na macho huugundua mchanganyiko huo mara moja. Tena, kwa 1:87, milimita 16.5 ni upana wa reli mpya ya SGR. Reli ya zamani ya kupitia Kipkelion ni ya mita moja. Inadai njia ya milimita 12. Na kabla ya kulipa, mnunuzi achungulie ndani ya kioo cha mbele. Modeli nyingi za Herpa na Wiking za Ujerumani zina usukani wa kushoto. Barabara za Kenya zinadai wa kulia.

Lori la majani mabichi ndilo mtihani wenyewe wa Kericho na Bomet. Majani yaliyochumwa bado yanapumua. Yakishindiliwa hupata joto na kuharibika kabla ya kufika kiwandani. Kwa sababu hiyo lori linalozunguka vituo vya kununulia majani lina bodi yenye mianya ya kupitisha hewa, na ndani yake mifuko huning'inizwa kwenye kulabu, safu kwa safu. Fundi mzuri huonyesha uzito katika mfuko: shingo imevutika, tumbo limeshuka, mmoja umemwegemea jirani yake. Mifuko iliyofanana yote, mraba na migumu, ni kazi ya haraka. Majani mabichi ndani ya kontena ni kosa kubwa zaidi, maana chai huingia safari ndefu ikiwa imekwisha kukaushwa na kufungwa katika magunia ya karatasi, kuelekea Mombasa ambako mnada umekuwa ukifanyika tangu 1969.

Kontena nalo lina sheria zake. Mawimbi ya ubavuni yana kina cha karibu milimita 36. Kwa 1:87 hiyo haifiki nusu milimita. Kadibodi ya katoni, yenye mawimbi ya milimita tatu au nne, haifai kwa kipimo hicho. Milango iwe upande wa nyuma, na vyuma vinne vya kufungia, viwili kila mlango. Pembe zote nane ziwe na vichwa vya chuma vyenye matundu, kwa kuwa ndipo kontena linaposhikwa. Namba yake ni herufi nne, ya mwisho mara nyingi U, kisha tarakimu saba.

Nyuma ya trela ya Kenya kuna mambo ambayo si kila modeli ya Ulaya huwa nayo: duara la kikomo cha mwendo, 80, vibao vya kung'aa vya mistari, na namba ya manjano inayoanza na Z, kwa kuwa trela husajiliwa peke yake, mbali na kichwa chenye K.

Mwisho ni uchafu, na hapo wengi huzidisha. Udongo wa Kericho ni mwekundu na mvua haikatiki, lakini tope hurushwa na tairi: huanza kwenye madigadi, hupanda hadi chini ya mlango, hapo hukoma. Juu ya kontena kuna kutu, inayoanzia palipobonyea na kushuka wima kwa michirizi. Tope jekundu kwenye paa halina aliyelirusha.

Anayechagua kati ya lori la rangi ya kuvutia lenye magurudumu mabaya na lori la rangi hafifu lililokaa sawasawa, achukue la pili. Rangi hupakwa upya jioni moja. Fremu iliyokosewa hubomolewa yote.