Plota ya Stika: Gramu Zisikutishe

Simama dakika kumi tu pembeni ya Barabara ya Shekilango, hapa Sinza, uangalie bajaji zinavyopita. Majina ya watoto, dua, mbwembwe za Simba na Yanga: stika nyingi za aina hiyo hukatwa na plota, mashine inayochora kwa kisu badala ya kalamu. Ukitaka ya kwako ya kujifunzia, muuzaji ataanza na gramu: hii inakata kwa gramu 500, ile 200 tu. Usimfuate huko.

Hebu tuangalie fizikia. Vinaili ya kawaida ya stika ina unene wa kama milimita 0.06 hadi 0.08. Shinikizo ni nguvu kugawanya kwa eneo, na ncha ya kisu ni ndogo mno. Kwa hiyo hata gramu 100 hivi zinatosha kupasua vinaili bila kutoboa karatasi ya nyuma. Gramu nyingi zina kazi ukikata ngozi au mpira, siyo jina la bajaji.

Kinachoharibu herufi ni kona. Kwenye mashine nyingi za bei nafuu kisu hakigeuzwi na mota. Kinaburutwa na kujigeuza chenyewe, kama gurudumu la kiti cha ofisi. Ncha yake inabaki nyuma ya mhimili kwa kama robo milimita. Programu isipofidia hiyo robo, kona za "M" zinakuwa mviringo. Ndiyo maana programu ni nusu ya mashine, na matangazo yanaipita kimyakimya.

Cricut ni rahisi kutumia, lakini programu yake inataka akaunti, na kazi nyingi zinataka intaneti. Machi 2021 kampuni ilitangaza kwamba asiyelipia kila mwezi atapakia michoro 20 tu kwa mwezi. Wateja wakaja juu, ikarudi nyuma mwezi huohuo. Sawa, lakini tulishaonyeshwa: mashine inayotegemea seva ya mwenyewe hujainunua, umepanga.

Silhouette inakata hata bando likiisha. Portrait ina upana wa inchi 8, Cameo ya kawaida 12. Kasoro yake inaudhi: toleo la bure la programu halifungui faili za SVG mpaka ulipie.

Plota za Kichina zisizo na jina, zenye upana wa sentimita 70 hivi, nyingi zinaelewa HPGL, lugha iliyoanzishwa na Hewlett-Packard miaka ya 1970. Inkscape, ambayo ni ya bure, inaijua lugha hiyo. Ila zinakula nafasi, na ikigoma fundi ni wewe.

Hukumu yetu? Chumba kimoja na stika ndogo: Portrait. Mabango ya maduka: ya Kichina, ukiwa na subira. Iwe ipi, soma adapta; umeme wetu ni volti 230, hivyo tafuta iliyoandikwa 100–240V.

Na kabla hujatoa hela, zima data, kisha mwambie muuzaji akate "M" ya sentimita moja. Kona zikitoka kali, mnaweza kuanza kuongea bei. Akianza kutafuta mtandao, mshukuru, endelea na duka la pili.