Sifa za Mizani: Arudhi kwa Mwanafunzi wa Lembeni

Ushairi wa Kiswahili wa jadi ni ufundi wa sikio, na kwa hiyo mwanafunzi anayeusoma Lembeni, katika nyanda kavu za magharibi mwa Milima ya Upare, hana sababu ya kuuona kuwa mali ya watu wa pwani peke yao. Chasu, lugha ya Wapare, ni ya Kibantu kama Kiswahili, na silabi zake kwa kawaida huishia kwa irabu. Kipimo kiitwacho mizani, yaani idadi ya silabi katika mshororo, ambao ni mstari mmoja wa shairi, kimo tayari kinywani mwake.

Majina ya kwao yanatosha kuanzia. Lembeni ni mizani tatu, Mwanga ni mbili tu kwa kuwa “mwa” hutamkwa kwa pigo moja, ilhali neno “mvua” katika mfano ulio hapa chini limehesabiwa tatu, kwa kuipa “m” yake pigo la peke yake. Kinachohesabiwa ni sauti wala si herufi, na hapa ndipo wengi hukosea wanapohesabu kwa macho. Mishororo hii miwili, iliyotungwa kwa ajili ya mfano, yafaa isomwe kwa sauti:

Mawingu juu ya Pare, tambarare yangojea,
Jua tunapewa bure, mvua twaililia.

Kila mshororo una mizani 16, uliogawanyika katika vipande viwili vya mizani nane nane: cha kwanza huitwa ukwapi na cha pili utao. Silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande ndizo vina. Hapa kina cha kati ni “re” na cha mwisho ni “a”. Mtunzi amesema “twaililia” kwa kuwa “tunaililia” ingezidisha mizani moja, na pale anapolifupisha neno lenyewe, kama “kanambia” badala ya “akaniambia”, ufundi huo huitwa inkisari. Anayedhani kwamba arudhi, yaani sheria hizi za utungaji, humfunga mtunzi hajaona jinsi kipimo kinavyomlazimisha kupekua lugha yake yote akitafuta neno linaloenea.

Mishororo ikikusanyika hufanya ubeti. Ubeti wa mishororo minne ni tarbia, umbo ambalo Muyaka bin Haji wa Mombasa alilipa nguvu kubwa, na mshororo wake wa mwisho ukirudiwa katika kila ubeti huitwa kibwagizo. Utenzi, kama ule ambao Mwana Kupona alimwandikia binti yake mwaka 1858, hutumia mishororo mifupi ya mizani nane, na kina cha mshororo wa nne hudumu tangu mwanzo hadi mwisho, jambo linaloyabeba masimulizi marefu bila kumchosha msikilizaji.

Kaluta Amri Abedi aliziandika sheria hizi katika kitabu kilichotoka mwaka 1954. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani ya mashairi huru yasiyofuata vina wala mizani, na mabishano makali yakazuka. Mwanafunzi na ayasome mashairi hayo pia kwa sauti, maana hata pasipo vina mshairi huchagua mahali pa kuukata mshororo, na sababu ya kuukata hapo husikika kwa sikio lile lile lililofunzwa kuhesabu silabi za Lembeni na Mwanga.