Ufundi wa Kutafuta

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetaka kuandika juu ya kata ya Bagamoyo, pale mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, hukwama kabla hajasoma ukurasa hata mmoja. Akiliandika jina hilo mtandaoni analetewa Bagamoyo ya pwani: bandari ya misafara, magofu ya Kaole, misheni ya Kikatoliki ya 1868, na hata chuo kinachofundisha wakutubi wa nchi hii. Rungwe, ikijitokeza, iko mbali huko chini. Wengi huishia hapo na kumwambia mhadhiri kwamba mada yao haina maandiko. Mkutubi hodari hakubali upesi hivyo. Huuliza kwanza: waliotangulia walipaitaje mahali hapa, na waliandika kwa lugha gani? Anayezoea kujiuliza hivyo amekwisha kuanza kujifunza utafiti. Ndiyo maana nasema kutafuta ni ufundi kamili, wenye kanuni na mafundi wake, na maktaba ya chuo ndiyo karakana yake.

Tazama swali hilo linavyofungua njia. Wakati wa Wajerumani Tukuyu iliandikwa Neu-Langenburg. Wenyeji wake Wanyakyusa na ndugu zao Wangonde wamo katika vitabu vya zamani kwa jina la Konde, D. R. Mackenzie alikiita kitabu chake cha 1925 The Spirit-Ridden Konde, na asiyejua hilo atakipita rafuni akidhani kinahusu Wamakonde. Akishavipata vitabu, bado kuna kazi ya kuvipima. Good Company cha Monica Wilson, kuhusu vijiji vya marika vya Wanyakyusa, kilitoka 1951, lakini utafiti wake na mumewe Godfrey ulifanyika kati ya 1934 na 1938. Anayekinukuu kana kwamba kinaeleza Rungwe ya leo anakosea kwa karibu karne nzima. Na Wilson mwenyewe alirudi kwenye suala la mabadiliko katika For Men and Elders, 1977. Kitabu cha kwanza kisisomwe bila cha pili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko mlimani. Mwaka 2003 timu ya Tim Davenport, ikifuatilia masimulizi ya wawindaji wa Kinyakyusa, ilimpata kima aitwaye kipunji katika Mlima Rungwe. Mwaka uliofuata timu nyingine, isiyojua habari za ile ya kwanza, ikamwona katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Wakaungana kumtangaza katika jarida la Science mwaka 2005, wakampa jina la Lophocebus kipunji. Kielelezo chao kilikuwa picha. Hapakuwa na mnyama mkononi. Baadaye kipunji mmoja alinasa na kufa katika mtego wa mkulima, na uchunguzi wa vinasaba vyake ukaonyesha kwamba yuko karibu zaidi na nyani kuliko na kundi alimokuwa amewekwa. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake, Rungwecebus. Sasa mfikirie mwanafunzi aliyeipata makala ya 2005 akatosheka. Makala ni halali, imepitiwa na wataalamu, imechapwa katika jarida kubwa, na bado amebaki na jina lililokwisha kubadilishwa. Kumfundisha kuepuka vyanzo vya ovyo hakutoshi. Lazima ajue kufuata makala mbele na nyuma: imemnukuu nani, na baadaye nani ameinukuu, akisema nini juu yake. Kazi hiyo ni ya mkono kama ya akili, na hushika ikifanywa kando ya mtu anayeijua.

Wapo watakaosema kwamba akili unde imeumaliza ufundi huu, maana inajibu kwa sekunde. Inajibu, ni kweli. Lakini inaegemea kilichoandikwa kwa wingi, na Rungwe haijaandikwa kwa wingi. Tena huweza kutunga marejeo yenye mwandishi, mwaka na kurasa, ya kitabu ambacho hakikuwahi kuchapwa. Atakayeugundua uongo huo ni yule anayejua kwenda kwenye katalogi kuhakikisha. Kadiri majibu yanavyokuwa rahisi kupatikana, ndivyo uhakiki unavyohitaji watu wengi zaidi.

Hoja nzito kuliko hiyo ni ya uhaba. Vitabu ni vichache na vimezeeka, umeme hukatika, bando huisha, na madesa ya mwaka jana yanatosha kufaulia mtihani. Sitaki kuipuuza. Hata hivyo, Research4Life imefungua maelfu ya majarida kwa taasisi za nchi kama yetu, na muungano wa maktaba za vyuo na utafiti Tanzania, COTUL, unajitahidi kuzipatia taasisi wanachama rasilimali za kielektroniki kwa pamoja. Mwenye bando dogo ndiye hasa asiyeweza kumudu kutafuta kwa kubahatisha. Maneno matatu yaliyochaguliwa vizuri yanamwokolea pesa na usiku mzima.

Wengine wanakumbusha kwamba habari za Rungwe ziko kwa wazee. Ziko, na kisa cha kipunji kinashuhudia. Ila aliyepitia maandiko kwanza humwendea mzee na maswali ambayo hayajaulizwa, na hukitambua kitu kipya anapokisikia.

Kwa hiyo utaratibu wa kuwatembeza wanafunzi maktabani kwa saa moja, wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, hauniridhishi. Hawana swali bado, watashika nini? Mkutubi aingie darasani mwanafunzi anapoandaa pendekezo lake la utafiti, na mhadhiri atoe alama kwa kumbukumbu za utafutaji: majina yaliyojaribiwa, kanzidata zilizofunguliwa, vyanzo vilivyoachwa na sababu ya kuviacha.