Saa Iliyo Ndani ya Maji

Kambare haombi mengi. Atakaa kwenye tope, atavumilia maji ambayo yangemuua tilapia, na dimbwi likikauka atatambaa juu ya nyasi zenye umande kutafuta jingine, kwa kuwa juu ya matamvua yake ana kiungo cha kuvuta hewa moja kwa moja. Ndiyo maana wengi humdharau: samaki wa wavivu, husema, mtumbukize uende zako. Maneno hayo yanamhusu kambare mkubwa. Yai lake na kifaranga wake ni habari nyingine kabisa, na kati ya Bungoma na Kitale wapo mafundi wa kutotolesha ambao, kwa maoni yangu, hawajasifiwa vya kutosha.

Barabara itokayo Bungoma ikapita Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini hupanda taratibu, abiria wa matatu asijue mpaka anapojikuta anafunga dirisha. Mji wa Bungoma uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kitale, karibu 1,900. Mita hizo 500 zinapunguza joto la hewa kwa nyuzi tatu hivi. Mahindi ya Trans Nzoia hayalalamiki. Kambare wa Kiafrika, anayeitwa na wataalamu Clarias gariepinus, hukua vizuri zaidi kwenye maji ya nyuzi 28 hadi 30, na yakishuka chini ya 20 hupoteza hamu ya kula na mkulima hupoteza miezi. Usiku wa Kitale hewa hufika nyuzi 12, pengine chini ya hapo, na kidimbwi kilichochimbwa uwanjani hakina blanketi.

Mwaka wa 2009 serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi, vidimbwi 200 vilipangwa kuchimbwa katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila kimoja mita za mraba 300. Vidimbwi vilichimbwa, lakini vifaranga wa kuvijaza hawakutosha. Udongo ni rahisi kuuhamisha. Kupata kifaranga kunahitaji mtu anayejua kinachotendeka ndani ya samaki wakati maji yanapopata joto au kupoa. Hapo ndipo vituo vya kutotolesha, kama vile vya upande wa Chwele chini ya Mlima Elgon, vilipoanza kuonekana thamani yake.

Porini kambare husubiri mvua. Mto ukifurika na maji kuingia kwenye nyasi za kingo, jike na dume hupanda usiku na kutaga mle. Ndani ya tangi hakuna mafuriko, kwa hiyo jike hubeba mayai yaliyokomaa bila kuyatoa. Fundi humdunga sindano yenye maji ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa kambare mwingine, njia ambayo ilianza kutumiwa kwa samaki nchini Brazili miaka ya 1930, au humdunga dawa ya viwandani ifanyayo kazi hiyo hiyo. Kisha hungoja. Muda wa kungoja ndio moyo wa ufundi huu, na maji ndiyo yanayoupanga.

Kwenye nyuzi 20 jike huhitaji takriban saa ishirini tangu adungwe mpaka mayai yawe tayari kukamuliwa. Kwenye 25, kama kumi au kumi na moja. Kwenye 30, saba hivi. Gertjan de Graaf na Hans Janssen waliweka jedwali la aina hii katika mwongozo wao wa kuzalisha kambare uliochapishwa na FAO mwaka 1996, na nakala za majedwali kama hayo hubandikwa ukutani. Lakini jedwali hudhani kwamba maji yametulia kwenye nambari moja, na maji ya mlimani hayatulii. Chukua jike aliyedungwa saa mbili usiku kwenye nyuzi 25. Ukisoma ukutani, utamkamua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ila kuanzia saa sita baridi imeingia chini ya mlango, na alfajiri maji yanasoma 22. Jike huyo bado. Ukimkandamiza tumbo sasa mayai hayatiririki, na ukilazimisha utapata damu. Ukisema basi ngoja mpaka baada ya chai, ukapitiliza, mayai yameiva mno na hayatashika mbegu. Fundi mzuri hupima joto usiku kucha, anajumlisha saa za uvuguvugu na saa za ubaridi, kisha ndipo anapoamua. Mama mpika busaa hufanya hesabu iyo hiyo wiki ya baridi, wala hana kipimajoto.

Dume kwa kawaida hakamuliki. Huchinjwa, korodani zake zikatwe na mbegu zimiminwe juu ya mayai. Maji yakigusa, mbegu huamka na kuishi dakika moja tu au zaidi kidogo. Kwa hiyo asiyekuwa na hakika ya saa ya jike asimchinje dume. Nafikiri hakuna kosa la ghali kuliko hilo katika banda lolote la samaki.

Mayai yaliyorutubishwa yananata. Hutandazwa juu ya wavu au mizizi ya gugumaji, na hapo tena joto ndilo linaloshika usukani: kwenye nyuzi 30 hutotoka ndani ya saa ishirini hivi, kwenye 25 kama saa ishirini na saba, na kwenye 20 huchukua zaidi ya siku mbili. Siku mbili ni karamu kwa ukungu. Huanza kwenye yai lililokufa, hutoa nyuzi nyeupe kama pamba, hushika majirani walio hai. Kwa hiyo Kitale kutotolesha kwenye maji ya kawaida ya kisima ni kumwachia ukungu nafasi.

Je, tupandishe basi mpaka 30 tukalale? Hapa ndipo namsifu fundi mwoga. Kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo: usawa wa bahari, lita moja hubeba miligramu 9 hivi kwenye nyuzi 20, na 7.5 kwenye 30. Hiyo ni Mombasa. Kitale, ambako hewa ni nyepesi, ondoa sehemu moja ya tano. Na kifaranga, tofauti na mzazi wake, hawezi kupanda juu kuvuta hewa. Kiungo hicho humwotea baada ya majuma mawili hivi. Anategemea matamvua na ngozi tu. Isitoshe, maji ya moto hukuza haraka, na wanaokua haraka hawakui sawa. Aliyetangulia humla aliyechelewa, kuanzia mkia. Ndiyo maana wengine huchagua 27 au 28, wanaweka pampu ya hewa, na wanachambua vifaranga kwa ukubwa mara kwa mara. Namna hiyo naipenda kuliko ya kujigamba kwa kasi.

Kushika nambari hiyo ndiko kunakochosha. Waliobarikiwa na stima hutumia hita, na stima ikipotea saa nane usiku huchemsha sufuria. Wengine hujenga banda la nailoni linalohifadhi jua la mchana, wakapaka tangi rangi nyeusi na kulifunika jioni kabla joto halijatoroka. Tangi kubwa hupoa polepole kuliko karai. Jambo dogo, lakini limeokoa mayai mengi kuliko mitambo. Banda hilo hilo lenye joto huangulia artemia, vijidudu vya majini vya kulisha vifaranga baada ya kiini cha yai kuisha siku ya tatu, navyo pia vinapenda nyuzi 28 na maji ya chumvi. Uholanzi, ambako baridi ni mara kumi ya yetu, hufuga kambare huyu huyu wa Afrika ndani ya majengo yenye maji ya moto yanayozungushwa tena na tena. Hawakumbadilisha samaki. Walimjengea Bungoma.

Wenye tangi la kioo sebuleni wangefaa kusikia haya. Gogogo wetu wa Ziwa Victoria na Corydoras wadogo kutoka Amerika Kusini huuzwa pamoja kama samaki wa sakafuni, kisha mnunuzi hutafuta nambari moja ya wote. Corydoras wengi hustarehe kwenye 22 hadi 26. Ukiwapikia nyuzi 30 ili kumpendeza mwingine, watakuwa wanapanda juu kumeza hewa siku nzima.

Siku ya kuwasafirisha vifaranga kwa mteja, fundi hufanya kinyume cha alichofanya mwezi mzima: hupoza. Vifaranga hawapewi chakula siku iliyotangulia, maji hushushwa nyuzi kadhaa ili wapumue kidogo na wachafue kidogo, mifuko hujazwa oksijeni, na gari huondoka Bungoma kabla jua halijapanda. Kitale mfuko huelea kwenye kidimbwi kwanza, kisha maji ya kidimbwi huingizwa kikombe kwa kikombe. Mteja mwenye haraka huudhika. Fundi humwuliza kidimbwi chake husoma ngapi saa kumi na mbili asubuhi. Akijibu kwa nambari ya mchana, anashauriwa angoje mwezi mmoja, arudi kuchukua vifaranga wakubwa kidogo, ambao watastahimili huo usiku wake.