Mrisho Ngassa na hadithi ya "angefika"

Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa, kuanzia Tandika hadi Mwananyamala, litaje jina la Mrisho Ngassa, halafu sikiliza vitenzi. Dakika tano haziishi utakuwa umesikia "angetulia", "angevumilia", "angefika mbali". Winga huyu alizaliwa Mwanza mwaka 1989, mtoto wa mchezaji wa zamani Khalfan Ngassa, na mabeki wa nchi hii walimkimbiza kwa zaidi ya miaka kumi. Lakini tunamsimulia kwa -nge- tupu, kama vile maisha yake ya kweli yalitokea sehemu nyingine na yeye hakuwepo.

Shuleni tulifundishwa kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado linawezekana, na -ngali- ni ya lililokwisha kupita. Kwa sarufi hiyo tulitakiwa kusema "angalifika". Mtaa umegoma. Umeshikilia -nge-, kana kwamba dirisha la usajili bado liko wazi.

Nataka niisome hadithi hii kama tunavyosoma hadithi nyingine yoyote: imeanzia wapi, imeruka nini, na msimulizi wake ni nani hasa.

Msuko wake ni mfupi. Mwaka 2009 Ngassa anakwenda London kwa majaribio West Ham, hasajiliwi. Julai 2011 yuko Marekani, anaingia kutoka benchi akiwa na jezi ya Seattle Sounders kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya Manchester United. Hapo ndipo msimulizi wetu huweka kilele. Sasa jiulize, bwana: mechi yenyewe Seattle walifungwa 7-0. Yaani katika maisha marefu ya mpira, kilele tulichomchagulia ni dakika chache za kirafiki ndani ya kipigo cha mabao saba, kwa sababu tu upande wa pili alikuwepo Wayne Rooney.

Tazama sasa kilichorukwa. Februari 2009, Abidjan, fainali za kwanza kabisa za CHAN. Taifa Stars ya Marcio Maximo inawafunga wenyeji Ivory Coast 1-0 na mfungaji ni Ngassa. Mwaka 2012 kwenye Kombe la Chalenji kule Kampala, Tanzania inaifunga Somalia 7-0, yeye peke yake anatupia matano. Mwaka 2014 Yanga inakutana na Komorozine ya Comoro kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Ngassa anafunga matatu Dar, na marudiano anafunga mengine matatu. Sawa, Komorozine si Barcelona. Lakini Yanga ilitolewa raundi iliyofuata kwa penalti na Al Ahly, waliokuwa mabingwa watetezi, na mashindano yalipokwisha yale magoli 6 yalikuwa bado kileleni mwa orodha ya wafungaji, sawa na ya watu waliocheza hadi fainali. Timu ya taifa nayo ina magoli 25 yanayohesabiwa kwa jina lake. Hayo yote ni vitenzi vya -li-: alifunga, alikimbia, aliwatoa jasho.

Hata ile "nje" yenyewe imekatwa kwa mkasi. Mwaka 2015 alisajiliwa na Free State Stars ya Afrika Kusini, na mwaka 2016 alikuwa Fanja ya Oman. Alitoka, akalipwa, akacheza. Ila kwenye hadithi ya kijiweni nje maana yake Ulaya. Bethlehem ya Free State na Muscat hazihesabiki.

Linganisha na winga mwingine, Joaquín wa Real Betis. Naye ana -nge- zake za kutosha. Alikosa penalti dhidi ya Korea Kusini Kombe la Dunia 2002, Hispania ikatolewa. Aliondoka Betis 2006, akapita Valencia, Málaga na Fiorentina, akarudi 2015 akiwa na miaka 34. Alipostaafu mwaka 2023 alikuwa amefikisha mechi 622 za La Liga, sawa na rekodi ya Zubizarreta. Kurudi kwake nyumbani kulisimuliwa kama ukamilifu. Ngassa aliporudi Yanga 2018, klabu ikiwa na ukata na bado ikamaliza ligi nafasi ya pili, tulikusimulia kama kushuka. Mawinga wawili wamerudi walikopendwa. Mmoja kaandikiwa mwisho mwema, mwingine kaandikiwa rambirambi.

Simtaki malaika hapa. Kuna sura ngumu, na mwandishi mzuri asingeziruka. Mwaka 2012 akiwa mchezaji wa Azam alifunga kwenye Kombe la Kagame, akaenda kushangilia na jezi ya Yanga. Muda si mrefu akapelekwa Simba kwa mkopo. Mwaka 2013 akarejea Yanga na kufungiwa mechi 6 kwa utata wa mikataba. Mapenzi, pesa, saini na adhabu: hiyo ni riwaya nzima, na yote imetokea hapahapa, baina ya Jangwani, Msimbazi na Chamazi. Haihitaji London hata ukurasa mmoja.

Kwa nini basi tunang'ang'ania "angefika"? Nadhani ni kwa sababu msimulizi anajisimulia mwenyewe. Kila aliyekaa kijiweni ana -nge- yake: angemaliza shule, angepata viza, angeuza kile kiwanja mapema. Ngassa amebebeshwa za wote. Naielewa huruma iliyomo. Lakini gharama yake anailipa mtoto anayekimbia pembeni ya uwanja wa vumbi Mbagala leo, anayejifunza kwamba goli la hapa, hata likimfunga mwenyeji Abidjan, ni mazoezi tu ya kusubiri maisha.

Lugha yetu inajua kufanya vizuri zaidi. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad, maisha ya mwimbaji aliyetoka kijijini Fumba, Zanzibar, akafika hadi Bombay kurekodi mwaka 1928. Bombay ilikuwa safari katika maisha ya Siti, haikuwa kipimo cha maisha hayo. Mchezaji naye anastahili wasifu wa namna hiyo kwa Kiswahili, wa kushikika mkononi, wenye tarehe, mabao, madeni na makosa.

Atakayeandika wa Ngassa nampa ushauri mmoja. Aanzie Abidjan, na sura ya kwanza nzima asiweke -nge- hata moja.