Ubao wa kinyozi nao ni shule

Katika miji yetu wengi wanazarau mafundi wa kuchora mbao za matangazo. Wanasema: ile si sanaa, ni kazi ya kutafuta chakula tu. Sisi tunakataa.

Tuangalie Chéri Samba, mtoto wa mfua vyuma, aliyezaliwa mwaka 1956. Mwaka 1972 alitoka kijijini akaingia Kinshasa, akafanya kazi kwa mafundi wa mbao. Mwaka 1975 akafungua atelie yake mwenyewe. Fundi wa ubao anajua jambo moja: mutu anapita mbio, basi rangi imuite na maneno yamusimamishe. Ile akili Samba hakuiacha. Aliandika maneno ya Lingala na Kifaransa ndani ya picha zake. Mpita njia anasimama, anasoma, anacheka, kisha anaanza kuwaza. Mwaka 1989 zilifika Paris, katika maonyesho ya Magiciens de la terre. Kasoro iko: mara nyingine maneno yanazidi, picha inakosa pumzi. Lakini hakuna anayepita bila kuangalia.

Leo kinyozi anatundika bashi iliyochapwa na mashine, yenye kichwa cha mutu asiyejulikana mtaani, na jirani yake anayo ile ile. Nani atasimama? Hatulaumu mashine. Tunaomba mwenye duka aite kwanza mchoraji wa kwake, hata kama mashine njo itachapa. Tukifunga ile shule ya barabarani, Samba mwingine atajifunzia wapi?